Miguu ya Mnyenyekevu

Lango letu halikuwa na kufuli. Wageni waliokuja zamani, wakati bado kulikuwa na wageni, walilitafuta kwa macho wakalikosa, wakadhani tunawaficha. Hapakuwa na komeo wala mnyororo. Chini ya lango, penye kizingiti, palikuwa na jiwe bapa, na juu ya jiwe alisimama mtu. Maadamu miguu ya mtu ilikuwa juu ya jiwe lile, mbao za lango zilishikana kama meno ya mgonjwa wa degedege, na hapakuwa na jeshi la kuzitenganisha. Jiwe halikuchagua miguu. Halikuuliza kama ni ya mwema au ya mwovu. Lilitaka kitu kimoja tu: miguu isiyoondoka.

Miguu iliyosimama pale ilikuwa ya baba yangu, Mzee Mwinyimvua.

Sijui alisimama tangu lini. Katika mji wetu muda ulikuwa umebomoka pamoja na kuta. Vita viliwakuta wazee wakiwa vijana, na viliwakuta vijana kabla hawajazaliwa. Kuna asubuhi nilizoziishi zaidi ya mara moja, na kuna jioni ambazo nilisimuliwa tu. Mama alisema baba alipanda juu ya jiwe siku ya harusi yao. Siku nyingine alisema alikuwa pale hata kabla ya kumposa, na posa yenyewe aliileta mjumbe kwa sababu mwenyewe hakuweza kuondoka. Sikubishana naye. Ninaandika ili nikumbuke, na kumbukumbu haina desturi ya kuja kwa mpangilio.

Nje ya lango lilikaa jeshi. Nikipanda ukutani nililiona limejaa bonde lote. Kilichonitisha hakikuwa mikuki yao, bali mwendo wao. Waligeuka wote kwa pamoja, wakapiga hatua kwa pamoja, na nyuso zao zilitazama upande mwingine kabisa, kama watu wanaobebwa na miguu yao bila kuulizwa. Walikuwa watu wa miji iliyoanguka kabla yetu. Hawakuwa wabaya. Nao walikuwa na majirani, na harusi, na ugomvi wa mipaka ya viwanja. Kosa lao lilikuwa dogo. Waliamkiwa, wakaitika.

Maana shetani wa vita hivi hakuja na pembe. Hakunguruma, hakutoa moshi puani. Alikuja ameinama. Tulimwita Mnyenyekevu kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona amesimama wima. Aliingia mji mmoja baada ya mwingine akiwatafuta wazee wake, akawaambia shikamoo, na mzee aliyeitika marahaba alikuwa amempa miguu yake. Neno hilo sisi tulilisema tangu utotoni bila kulisikiliza. Shikamoo: naishika miguu yako. Kwetu lilikuwa sauti tu, kitu cha kutoa mlangoni kabla ya kuomba chumvi. Yeye peke yake alilisema na maana yake ikiwa ndani. Na marahaba ni kukubali. Ukikubali kushikwa, umeshikwa.

Nimelifikiria jambo hili mpaka kichwa kikawa kama chungu kilichosahauliwa motoni. Tunadhani aliye juu ndiye mwenye nguvu kwa sababu anatazamwa kutoka chini. Lakini aliyeinama ana mikono, na mikono hiyo iko kwenye vifundo vya aliyesimama. Aliyesimama anaona mbali, anaona mashamba na vilima na mawingu, ila hawezi kwenda popote ambako aliyeinama hataki aende. Na kadiri anavyoheshimiwa ndivyo anavyokazwa. Basi nani kamshika nani? Miji mizima ilikufa kabla ya kujiuliza.

Baraza letu lilipitisha amri. Hakuna kuamkiana. Si shikamoo, si marahaba, mpaka vita viishe. Mzee Chande, mkuu wa baraza, alisimama sokoni akatangaza mwenyewe.

"Adui anaweza kuvaa sura ya mjukuu wako," alisema. "Kwa hiyo hata mjukuu wako asikuamkie. Akikuamkia, ziba mdomo."

"Na habari za asubuhi je?" muuza viazi aliuliza.

"Habari za asubuhi ruhusa. Lakini msizidishe."

"Tukizidisha?"

"Mama, uza viazi."

Soko zima lilicheka. Hicho ndicho kicheko cha mwisho cha watu wengi ninachokikumbuka.

Baada ya hapo tulianza kupitana. Hujui maamkizi ni nini mpaka yaondoke. Ni kama mtu angeondoa hewa katikati ya nyumba na nyumba. Watoto walipita mbele ya bibi zao wakiwa wamebana midomo, na bibi zao walitazama chini, na kila mmoja alimwogopa mwenzake kidogo. Tulikuwa hai na hatukuwa na ushahidi, kwa kuwa hakuna aliyekuwa akitupokea asubuhi na kututhibitisha.

Baba ndiye aliyeumia zaidi. Mtu wa juu ya jiwe hana kazi nyingine isipokuwa kuonekana. Zamani kila aliyepita langoni alimwamkia, mkubwa kwa mdogo, na marahaba zake zilisikika mpaka kisimani. Sasa walimpita. Kaka yangu Sudi, aliyekuwa fundi wa kuziba nyufa za ukuta, alipita pale kila asubuhi akienda kazini, akatikisa kichwa, akaendelea.

Mama yangu, Bi Mashavu, alikuwa akimpelekea baba uji. Mara nyingi tulikwenda wote.

"Umemwona mwanao?" baba alimwambia asubuhi moja. "Amenipita kama nguzo."

"Ametikisa kichwa, Baba Sudi. Nimemwona kwa macho yangu."

"Hata mbuzi anatikisa kichwa."

"Anafukuza nzi yule. Mwanao hakuwa na nzi." Mama akamsogezea kata mdomoni. "Kunywa. Nimeubeba uji huu kichwani mji mzima na mawe yanaruka juu. Hiyo haitoshi kuwa shikamoo?"

"Uji hauna sauti, Mama Sudi."

"Ungekuwa na sauti ungekushtaki, unavyouacha upoe."

Nilicheka. Baba hakucheka. Alitazama juu ya vichwa vyetu, kule barabarani, kama mtu anayengojea msafara.

Kisha Sudi akafa. Jiwe lililorushwa kutoka bondeni lilimkuta ukutani na mwiko wa fundi mkononi. Alianguka upande wa ndani, na tulilishukuru hilo, maana walioanguka upande wa nje walionekana siku zilizofuata wakitembea na jeshi lile. Tulimpitisha langoni tukienda kumzika, ili baba amwone, kwa kuwa baba hakuweza kuja makaburini. Wabebaji wakasimama. Mama akafunua uso wa Sudi. Baba alimtazama kwa muda mrefu, na sote tulingoja atakachosema.

"Huyu amekwenda bila kuniamkia," alisema.

Mama alimgeukia. Niliyaona macho yake. Yalikuwa macho ya mtu anayejaribu kukumbuka jina la mgeni.

*

Mnyenyekevu alikuja saa ya mchana, jua likiwa utosini, wakati ambapo hakuna kivuli cha kujifichia na kwa hiyo hakuna anayeogopa. Mimi na mama tulikuwa pale na kibuyu cha uji. Jiwe lilizuia majeshi. Yeye halikumzuia kufika. Aliingia kupitia mwanya wa chini ya mbao, mwembamba kiasi kwamba hata paka angeukataa. Kuinama kulikuwa kumemfundisha.

Nilitegemea uso wa kutisha. Nikaona mtu wa makamo, kanzu safi, isipokuwa magotini, ambako kitambaa kilikuwa kimelika na kuonyesha ngozi iliyoota sugu kama kisigino. Alitabasamu akiitazama ardhi.

"Shikamoo, mzee," alisema, na sauti yake ilikuwa ya jirani yetu wa zamani aliyefia kisimani.

Baba alibana midomo.

Mnyenyekevu akasogea. Safari hii alivuta pumzi kwanza, kama mtu aliyepanda ngazi mbio, akasema, "Shkamoo babaa."

Ilikuwa sauti ya Sudi. Haikuwa inayofanana na ya Sudi, ilikuwa yenyewe, na ile herufi aliyoimeza tangu alipovunjika jino, na lile "babaa" refu alilolitumia akitaka kusamehewa jambo. Mama alijaza upindo wa kanga mdomoni akauma. Niliona mishipa ya shingo yake imesimama. Neno lilikuwa limempanda mpaka kwenye meno, na alilizuia kwa meno. 

Nikamtazama baba.  Hakuitika. Nami nilimwonea fahari, siwezi kukana. Nilisema moyoni: huyu ndiye baba yangu, mwanawe aliyekufa amemwita na bado amesimama kwa ajili yetu.

 Kisha Mnyenyekevu aliacha kuigiza. Akaongea kwa sauti ambayo nadhani ilikuwa yake, sauti ya kawaida, ya chini, isiyo na mtu ndani yake.

"Shikamoo," alisema, "mwenye mji."

"Marahaba," baba alisema. "Marahaba, mwanangu."

Naliandika tena ili nisije nikadhani niliota. Sauti ya Sudi haikupewa kitu. Mwenye mji alipewa marahaba, na juu yake akapewa mwanangu, neno ambalo kaka yangu alilikosa hata akiwa ndani ya sanda. Baba hakudanganywa. Alijua anayemwamkia ni nani. Sote tulijua. Alikuwa amesimama pale miaka isiyohesabika akilinda mji, na katika muda huo wote, ndani ya kifua, alikuwa akingoja mtu amwambie kwamba mji ni wake.

Mnyenyekevu aliishika miguu ya baba kwa adabu. Akaiinua kutoka juu ya jiwe kama mtu anayesogeza viatu vya mgeni mlangoni, akaiweka kando, na baba akaifuata miguu yake, akaketi pale ilipowekwa. Mbao za lango zikalia. Mwanya ukafunguka, na kupitia mwanya ule nikalisikia jeshi lote likiinua mguu wa kulia. Mnyenyekevu akapanda juu ya jiwe, tayari kuwapisha waingie.

Mama hakupiga kelele. Alikitua kibuyu, akakiegemeza vizuri kisimwagike, ndivyo alivyokuwa. Akatoa kanga mdomoni. Akaenda mpaka mbele ya jiwe, akapiga magoti, akasema kwa sauti ile ile aliyokuwa akiwaamkia wakwe zake, ila safari hii na maana ikiwa ndani:

"Shikamoo."

Hapa ndipo ninaposimama kila ninapokumbuka. Shetani huyu alikuwa mkubwa kuliko sisi sote, kuliko kuta, kuliko bonde. Watu walimlaani, walimfukizia ubani, walimsomea, walimrushia mawe. Tangu dunia ianze hakuna aliyewahi kumwamkia. Aliinama mbele ya kila mzee wa kila mji, naye ni mzee kuliko wote, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza ameamkaje. Labda uovu ulianzia hapo. Labda ni njaa tu, na baba alikuwa nayo ile ile, ila yake ilikuwa changa.

"Marahaba," alisema Mnyenyekevu.

Lilimtoka kama chafya. Nilimwona akilijutia likiwa bado mdomoni, nilimwona akinyanyua mkono kulirudisha. Mikono ya mama ilikuwa imekwisha kumfunga vifundo. Akajaribu kuinua mguu, haukuinuka. Miguu yake ikakaa juu ya jiwe, haiondoki, na jiwe halichagui. Mbao zikarudiana kwa kishindo. Nje, jeshi lote lilisimama mguu mmoja ukiwa hewani, kisha likaushusha polepole na kutulia.

"Mama," nilisema.

"Usiniguse," alisema mama. "Nimemshika."

*

Kishindo cha lango ndicho kilichowaleta watu. Walikuja mbio na mapanga na mipini ya majembe, Mzee Chande mbele yao. Waliona nini? Waliona mzee wao mheshimiwa ameketi mavumbini, amechoka, miguu imenyooshwa. Waliona shetani yuko juu ya jiwe. Na waliona mwanamke amepiga magoti mbele ya shetani, amekumbatia miguu yake.

"Kumbe ni yeye!" mtu alisema.

"Na alivyokuwa akijifanya mpole! Uji, uji, kumbe ana lake."

"Tazama alivyoinama. Hata mumewe hajawahi kuinamiwa hivyo."

"Mzee Mwinyimvua," Mzee Chande aliuliza, "nani aliitika?"

Baba alinyanyua uso. Alimtazama mama mgongoni. Alinitazama mimi. Angeweza kusema uongo, na uongo ningeweza kuupinga. Hakusema uongo.

"Mmemwona wenyewe," alisema.

"Ni yeye!" nilipiga kelele. "Baba ndiye aliyeitika! Mama amemzuia, tazameni lango, limefungwa, angekuwa amelifungua lingefungwaje?"

"Siwema," alisema Mzee Chande. "Huyo ni baba yako."

"Najua ni baba yangu."

"Basi kama unajua, nyamaza."

Akamgeukia mama. "Bi Mashavu, achia miguu hiyo. Achia sasa hivi, tutakusamehe."

"Siwezi kuachia," mama alisema.

Watu waliguna. Kwao hayo yalikuwa maungamo. Sentensi ile ile, masikioni mwangu, ilikuwa kiapo. Tangu siku hiyo siamini kwamba maneno yana maana. Yana mahali tu, na anayesimama mahali pabaya husikika vibaya.

Basi iliamuliwa hivi, na ndivyo inavyosimuliwa: mke wa mlinzi alimwitikia shetani na kumwabudu, na mlinzi, kwa nguvu za heshima yake, alilifunga lango kabla ya kuanguka. Kwa kuwa shetani alikuwa amekwama, amri ya maamkizi iliondolewa. Shikamoo zilirudi mitaani kama mvua. Watu walilia wakiamkiana. Baba alipelekwa kwenye nyumba ya baraza, akapewa kiti chenye mgongo mrefu, na watu walipanga foleni tangu alfajiri. Marahaba. Marahaba. Marahaba, mwanangu. Sauti yake ilinenepa.

Mimi nilihamia langoni. Nilimnywesha mama uji kwa kata, kama yeye alivyomnywesha baba. Mikono yake ilikuwa imekakamaa, na nywele zilikuwa zimekuwa nyeupe katikati ya asubuhi na mchana. Juu yetu Mnyenyekevu alisimama wima kwa mara ya kwanza katika maisha yake, na ilionekana kumuuma.

Alikuwa mwenye adabu. Alizungumza nami kila nilipopumzika.

"Binti," alisema, "mimi sisemi uongo. Umewahi kunisikia nikisema uongo?"

"Ulisema kwa sauti ya kaka yangu."

"Nilisema shikamoo. Nilimaanisha." Alishusha pumzi. "Sikiliza. Mama yako aachie. Akiachia tu nitasimama mbele ya mji wote nieleze nani aliitika na kwa jina gani. Wataamini. Watu wananiamini zaidi ya wanavyokuamini wewe. Jina lake litakuwa safi kama sufuria jipya."

"Na mji?"

"Mji upi? Ule uliomwita malaya jana? Unaulizia hali ya mji huo?"

 Hilo ndilo jaribu lake, na halikuwa na pembe. Hakuniahidi mali wala ufalme. Aliniahidi haki. Nilikaa nayo siku ile, au mwaka ule, nikiitafuna. Nilisikia shikamoo zikitoka nyumba ya baraza. Nilifikiri: kwa nini mtu ashikilie ukuta unaowasitiri waliomsaliti? Kwa nini asiinue mikono, aoshe uso, akae kivulini, na bonde liingie? Nikafika mahali pa kuutakia mji wangu kifo, na sikushtuka kufika hapo. Nilikuta njia imekanyagwa na watu wengi.

"Mama," nilisema, "achia. Twende zetu."

Alikuwa amefumba macho. Nilidhani amelala.

"Siwema, nikiachia lango litafunguka, sivyo?"

"Ndiyo."

"Na watasema mke wa Mwinyimvua aliufungua mji."

"Ndiyo, mama."

"Basi siku hiyo baba yako atakuwa amesema kweli." Akafumbua jicho moja. "Mimi simpi zawadi hiyo."

Mnyenyekevu alitazama pembeni. Mama akacheka kidogo, kicheko kikavu, akaomba uji.

*

Alikufa akiwa ameshika. Sijui ni lini, kwa kuwa mikono haikubadilika. Nilimletea uji, na uji ukamtiririka kidevuni.

Nilingoja lango lifunguke. Halikufunguka. Marahaba ya shetani ilikuwa imetolewa, na aliyepewa hakuirudisha. Kifo hakikuwa na fungu katika mkataba wao. Vidole vya mama vilikuwa vigumu kama mizizi. Mnyenyekevu alivitazama kimoja kimoja.

Lakini habari ilifika barazani, na baraza likaamua kwamba maiti haiwezi kukaa langoni. Wengine walisema msaliti atupwe nje ya ukuta. Wachache, wenye huruma, walisema hata msaliti ni maiti, aoshwe na kuzikwa. Sikujali watashinda wepi. Wote walikusudia jambo moja: kuibandua mikono.

Nikaenda kwa baba. Watu wa foleni walinipisha. Alikuwa juu ya kiti chake, kanzu mpya, akaninyooshea mkono akingoja niseme neno. Sikulisema.

"Wanakwenda kumbandua mama," nilimwambia. "Unajua kitakachotokea. Wewe peke yako unajua."

Alirekebisha kanzu yake magotini.

"Sitaki useme ukweli, baba. Sema tu aachwe pale alipo. Neno moja lako, wataacha."

"Siwema," alisema polepole, "watu wanapita langoni kuja kwangu. Wanamwona. Kisha wanaingia hapa kuniamkia na bado wana sura yake machoni." Akajifuta uso. "Nimechoka kuamkiwa na watu wanaomfikiria mke wangu."

"Tutakufa wote."

"Labda hapatatokea kitu."

Alitaka kuamini hivyo. Alikuwa ameusikiliza uongo asioutamka, kutwa kucha, kwa midomo ya watu wengine, mpaka ukamwingia. Kule nje mtu alibisha hodi, na nilimwona baba akinyoosha mabega.

Nilikimbia. Nilifika langoni wakiwa wamekwisha kuleta kamba na nondo ya chuma ya kubandulia vidole. Mnyenyekevu alikuwa akipaza sauti kwa mara ya kwanza.

"Mzikeni!" alilia. "Mwanamke huyu alikuwa mwaminifu kuliko ninyi nyote! Alishika mji wenu na mkamtukana! Mwondoeni hapa, mumwoshe, mumpe heshima yake!"

Kila neno lilikuwa la kweli. Maneno ambayo nilikuwa nimengoja kuyasikia kwa mtu yeyote, yakatoka kwa yule, na yakatoka ili mikono ibanduliwe. Baadhi ya wanawake walianza kutazamana. Nikaona shaka ikiingia nyusoni mwao, shaka nzuri, ile niliyoililia. Kama ingekua kidogo wangemfungua mama kwa heshima, kwa maji ya uvuguvugu na machozi, na bonde lingeingia juu ya sanda yake.

Nilipanda kwenye kifusi kando ya jiwe.

"Msimguse!" nilisema. "Mimi ni mwanawe, nilikuwepo. Mama yangu alimwitikia. Mama yangu alimpa mji huu na baba yangu akaulinda. Nilisema uongo siku ile kwa sababu ni mama yangu."

Wanawake wale waliacha kutazamana.

"Usaliti wake uko mikononi," niliendelea. "Tazameni, hauozi. Atakayeigusa utamwingia. Ataupeleka nyumbani, ataushikia mtoto, ataukandia unga. Mwacheni hapo hapo alipoinama. Asizikwe. Mtakaopita, piteni mbali."

Mwenye nondo aliiachia ikaanguka. Wakarudi nyuma, kwanza wenye chuki, kisha wenye huruma, na wenye huruma walinitazama kwa namna ambayo sijaisahau. Mzee Chande aliniwekea mkono begani. "Sasa wewe ni mtoto wa baba yako," alisema.

 Mnyenyekevu aliniinamishia kichwa kidogo tu, kwa kadiri miguu yake ilivyomruhusu.

Jeshi bado limesimama bondeni, na majani yanaota kati ya vidole vya miguu yao. Watoto wanazaliwa ndani ya kuta hizi na wanafundishwa kuamkia wakubwa, na wanafundishwa pia kwamba ukipita langoni unasimama kwenye mstari wa mawe, husogei zaidi, na unamtemea mate msaliti kabla ya kwenda zako. Ndiyo desturi sasa. Hakuna anayejua ilianza lini, wengine wanasema ilikuwepo kabla ya mji.

Asubuhi nikifika pale watu hupunguza mwendo. Wanajua mimi ni nani. Wanataka kuona kama nitatema.

Natema. Nalenga miguu iliyoshikwa, si mikono.